Si Kila Kipele ni Mzio

Naomba mnivumilie nikiacha habari za mpira na kusema juu ya watoto wadogo tuliowaacha nyumbani.

Mdogo wangu ana pumu. Tangu tulipoambiwa kuwa pumu yake ni ya mzio, kwetu kila kitu ni mzio. Akitoka vipele, ni mzio. Macho yakiwa mekundu, ni mzio. Mimi naona desturi hii ina hatari, nami nitaeleza sababu.

Katika Januari 1961, huko Tokyo, daktari wa watoto aitwaye Tomisaku Kawasaki alimpokea mvulana wa miaka minne mwenye homa na vipele, ambaye ugonjwa wake haukufanana na wowote aliofundishwa. Hakuridhika kuupa jina la karibu. Aliwaangalia wagonjwa kwa subira, na mwaka 1967 akatoa habari za watoto 50 katika jarida la Kijapani la mambo ya mzio. Sasa ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake. Kuta za mishipa ya damu huvimba, hasa ile inayolisha moyo. Bila dawa, karibu mtoto mmoja katika wanne huharibika mishipa hiyo. Akitiwa kingamwili kwa sindano ya mshipa kabla ya siku kumi kupita, hatari hupungua sana.

Je, pana udugu kati ya ugonjwa huu na mzio? Wataalamu wa Taiwan waliochungua kumbukumbu za bima ya afya waliona kwamba watoto waliougua Kawasaki walipata pumu, mafua ya mzio na ukurutu kuliko wenzao. Wengine watarukia kusema kwamba huu ndio uliouzaa ule. Polepole! Wazee walisema, jogoo asipowika kutakucha. Mambo mawili kuandamana si ushahidi kwamba moja ni mzazi wa lingine. Huenda yote mawili yatoka katika askari wa mwili wanaopigana kupita kiasi.

Basi, faida ya habari hii ni nini kwetu? Ni hii: mtoto mwenye pumu aweza pia kupata ugonjwa mwingine, na mzio peke yake hauleti homa kali ya siku tano. Mtoto akipata homa, apelekwe siku ile ile apimwe malaria. Homa ikishikilia hadi siku ya tano, na macho ni mekundu bila usaha, midomo imepasuka, ulimi ni mwekundu, mikono na miguu imevimba, arudishwe kwa daktari bila kukawia, hata ikiwa jirani wote wanasema ni mzio.

Sisi tuliopelekwa shule kwa fedha ya ng'ombe na kahawa tunadaiwa. Likizo hii, tulipe sehemu ya deni hilo kwa kuwaeleza mama zetu.