Kifuko cha Karafuu au Kidonge cha Nondo?

Ijumaa moja nilisimama safuni msikitini, kanzu imefuliwa na kupigwa pasi, kofia ya vito kichwani. Tulipokwisha kutoa salamu, mzee aliyekuwa ubavuni mwangu alinigeukia akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, kanzu hii umeitoa kabatini au ghalani kwa muuza dawa za wadudu?"

Niliona haya, na kwa haki. Ni sunna siku ya Ijumaa mtu aoge, avae nguo safi na ajitie manukato. Mimi nilioga, nikavaa, kisha nikawanukia wenzangu naftalini, vile vidonge vyeupe vya nondo ambavyo wengi wetu tumevijaza makabatini.

Sivyo nilivyolelewa. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na sanduku la mbao lililopigwa misumari ya shaba. Ukiinua kifuniko, harufu hukupokea kabla ya macho kuziona nguo. Baina ya leso alilaza ua la mkadi. Nguo za kwendea harusini alizifukiza kwanza kwa udi wa chetezo. Na katika kila pembe ya sanduku palikuwa na kifuko kidogo cha melmeli, alichokishona kwa mkono wake, kimejaa karafuu na mrehani mkavu. Alipofariki tukaligawa lile sanduku, dada zangu walichukua nguo, nami nikaomba kifuko kimoja. Mpaka leo nikikibinya hutoa harufu, nami humwona mama amepiga magoti akikunja leso zake.

Lakini lililonifanya nishike kalamu si pua ya yule mzee, wala si mapenzi ya mama. Nilimkuta mjukuu wangu wa miaka miwili ameketi mbele ya droo, kidonge cha naftalini mkononi, kinywa wazi. Alidhani ni peremende. Nilimpokonya kabla hakijafika ulimini.

Tangu siku hiyo nimeuliza na kusoma. Naftalini hutengenezwa kwa lami ya makaa ya mawe au kwa mafuta ya petroli. Kidonge hupungua kidogo kidogo kwa sababu hugeuka hewa, na hewa hiyo ndiyo tunayoivuta chumbani tulalamo. Mwaka 2002 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka naftalini katika orodha ya vitu vinavyoweza kuleta saratani, na mwaka 2008 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku vidonge vyake.

Kwetu pwani liko na jingine. Wako watu waliozaliwa na upungufu katika damu uitwao G6PD, hasa wanaume, na upungufu huo umeenea zaidi katika nchi zenye malaria kama yetu. Mtoto mchanga mwenye hali hiyo akivishwa nguo zilizolazwa na naftalini, chembe za damu yake zaweza kuvunjika, akawa manjano na kuishiwa na damu. Nasi ndio tunaomwekea mtoto nguo zake kabatini miezi kabla hajazaliwa, na vidonge juu yake, tukiona ni mapenzi!

Najua nitaambiwa: "Bwana, karafuu haiui nondo." Kweli, wala sitadanganya. Karafuu humchukiza mdudu tu, haimalizi mayai yaliyokwisha kutagwa. Lakini tumjue adui wetu. Nondo arukaye hali nguo. Walao ni viwavi wake, nao hupenda sufi na hariri, tena penye jasho na uchafu. Basi fua joho lako kabla ya kuliweka, lianike juani, likung'ute, na kabati ulifungue mara kwa mara, hasa mvua za mwaka zinapotia ukungu. Ukifanya hayo, kifuko kitakutosha.

Na kukishona si kazi. Chukua kipande cha melmeli, au leso kuukuu iliyolainika, urefu sentimita 20, upana 10. Kikunje katikati, upande mzuri uwe ndani, ushone mbavu mbili, kisha ukipindue. Tia vijiko viwili vya karafuu, kipande cha mdalasini kilichovunjwa, na asumini, waridi au mrehani uliokauka. Maua yakaushe kivulini mpaka yavunjike mkononi, kwani yakiwa na unyevu yataota ukungu na kuharibu nguo. Ukiwa na vipande vya sandali, ongeza. Mafuta ya manukato usiyamimine, yatatia madoa. Funga mdomo kwa utepe, kitundike kabatini au kilaze drooni. Harufu ikififia, kibinye. Ikitoweka, badilisha vilivyomo. Mtoto akikigusa, atakutana na viungo vya pilau. Hata hivyo kiweke asipokifikia, maana karafuu nzima yaweza kumpalia.

Wako wanaume watakaocheka kuwa kushona vifuko ni kazi ya wanawake. Mimi nawauliza: kofia za vito tunazozivaa, je, hazikushonwa na wanaume wengi wa Lamu, barazani, mchana kweupe? Mkono uwezao kutoboa vitundu vya kofia hautashindwa na mishono miwili.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ijumaa iliyopita nilisimama tena karibu na yule mzee. Safari hii hakuuliza kitu. Aliniegemea kidogo, akavuta pumzi, akasema: "Hii ni karafuu. Mamangu alikuwa akitia hivi." Nilikuwa na kifuko cha ziada mfukoni, nikampa.