Haki ya mnyonge haiulizi dini yake

  

Ndugu zangu Waislamu, Ijumaa moja mjini Kahama, baada ya swala, kijana mchimbaji mdogo aliniuliza mbele ya wenzake: je, inafaa Muislamu kukaa meza moja na Myahudi kudai haki? Alikuwa amesikia habari za ushirika wa wakulima wa kahawa huko Mbale, Uganda. Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwani swali lile lilinigusa mahali ambapo nimekuwa nikijilaumu kwa miaka mingi.

Kwanza tulitazame kwa mizani ya dini yetu. Wafasiri wengi wanapoeleza aya za Suratun Nisaa, kuanzia ya 105 hadi 113, wanasimulia kuwa mtu mmoja wa Madina aliyejinasibisha na Uislamu aliiba deraya, kisha akaifikisha katika nyumba ya Myahudi ili lawama imwangukie huyo. Jamaa zake wakaja kwa Mtume (S.A.W.) kumtetea ndugu yao. Wahyi ukateremka kumsafisha Myahudi na kuwakemea waliotetea hiana. Hebu tuzingatie! Wakati ule Waislamu walikuwa na mivutano mizito na makabila ya Kiyahudi, lakini uhasama haukuruhusiwa kuipindisha haki ya mtu mmoja asiye na kosa. Na Suratul Maida, aya ya 8, inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu.

Vilevile tunajua habari za Hilful Fudhul. Mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen alidhulumiwa Makka na mkubwa mmoja wa Kikureshi. Watu wema wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kusimama na kila aliyedhulumiwa. Mtume (S.A.W.) alihudhuria kabla ya kupewa utume, na baadaye alieleza kwamba lau angeitwa kwenye mapatano kama yale katika Uislamu, angeitikia. Waliokutana pale hawakuwa Waislamu. Kilichowakusanya ni haki ya mtu aliyedhulumiwa.

Najua msomaji atauliza: na Palestina je? Machungu ya Palestina ni machungu yetu. Lakini Qur'ani yenyewe, katika Suratu Aali Imran aya ya 113, inatufundisha kuwa Watu wa Kitabu si wote sawa. Shirika la B'Tselem la mjini Jerusalem, lililoanzishwa mwaka 1989, limekuwa likiorodhesha dhuluma wanazofanyiwa Wapalestina, na mwaka 2021 liliutaja utawala ule kuwa ni wa ubaguzi wa rangi. Walioliasisi na wengi wanaoliendesha ni Mayahudi. Wamelaumiwa na watu wao wenyewe, lakini hawakunyamaza.

Tukirudi kwa majirani zetu, Mbale wapo Abayudaya, Waafrika walioingia dini ya Kiyahudi mwaka 1919 wakimfuata Semei Kakungulu. Idi Amin aliwapiga marufuku kufanya ibada zao. Mwaka 2004 mmoja wao, J. J. Keki, aliwaendea majirani zake Waislamu na Wakristo, wakaunda ushirika walioupa jina la Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Shida yao ilikuwa moja: kahawa ya wote ilinunuliwa kwa bei ya kutupa. Walipouza kwa pamoja, wakapata mnunuzi Marekani aliyewapa bei ya haki. Hakuna aliyeombwa kuacha kibla chake.

Sasa tujiangalie sisi wa Shinyanga na Geita. Mwezi Agosti mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili kuipisha kampuni ya kigeni. Yakazuka madai kwamba wapo waliofukiwa mashimoni wakiwa hai. Serikali na kampuni zikakanusha, na mabishano yakadumu miaka mingi. Mwaka 2008 BAKWATA, Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania walitoa kwa pamoja ripoti iliyoandikwa na Mark Curtis na Tundu Lissu, ikieleza jinsi taifa lilivyokuwa likipata kidogo katika dhahabu yake. Mrabaha wa dhahabu wakati huo ulikuwa asilimia 3. Sheria ya mwaka 2010 ikaupandisha hadi asilimia 4, na marekebisho ya mwaka 2017 hadi asilimia 6. Haikuwa kazi ya viongozi wa dini peke yao, lakini sauti yao ilikuwamo.

Lakini sauti ile ya Dar es Salaam imefika katika misikiti yetu? Hapa ndipo ninapojilaumu. Zamani, nikiwa mwalimu wa madrasa, mzee mmoja aliniletea karatasi ya fidia ya shamba lake nimsomee. Nilimsomea kwa haraka, nikamwambia asubiri na aombe dua. Akaweka dole gumba. Baadaye tukafahamu kuwa miembe yake na kaburi la mkewe havikuhesabiwa. Subira ni ibada, lakini mimi niliigeuza kuwa kisingizio cha uvivu wangu.

Kwa hiyo nashauri kila msikiti, kuanzia Kahama na Msalala hadi Geita na Mbogwe, uwe na kamati ndogo, wanawake wakiwamo, ya kuwasomea watu karatasi za fidia kabla hawajatia sahihi, na kuihoji halmashauri juu ya ushuru wa huduma na miradi ambayo sheria inaitaka migodi iifanye kwa jamii. Kamati hiyo ikae na parokia na makanisa ya jirani, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.

Na tuanzie nyumbani. Wapo Waislamu wenye maduara na makarasha wanaowanyima ujira wabeba mawe, na wanaowaacha kina mama waoshe mchanga kwa zebaki kwa mikono mitupu. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Atakayemdai mzungu wa mgodini huku akimdhulumu kibarua wake, ushahidi wake nani ataupokea?

Yule kijana wa Kahama nilimjibu: inafaa, mwanangu, maadamu unachokidai ni haki na dini yako huiuzi. Allah atujaalie kuwa miongoni mwa waadilifu.

Wabillahi tawfiq.