Jiko Halijafa, Ni Sisi Hatukuelekezwa

Leo naomba tuongee mambo ya jikoni. Msicheke. Mwandishi wa habari naye anakula, na anayekula ana haki ya kuuliza chakula kimepikwaje.

Miezi michache iliyopita nilimnunulia mama jiko la indaksheni, lile bapa lenye kioo juu, linalotumia umeme lakini halina koili inayogeuka nyekundu. Nikalipeleka Mbagala, tukachemsha maji ya chai kwenye kisufuria cha zawadi kilichokuja nalo, nikapiga picha, nikarudi mjini nikijiona mtoto wa maana. Kila nikipiga simu nauliza, "Mama, jiko vipi?" Ananijibu, "Zuri mwanangu, Mungu akubariki."

Basi bwana, Jumapili moja nikaenda bila taarifa. Nikamkuta uani anapuliza mkaa, macho mekundu. Jiko langu liko juu ya kabati, limeviringishwa khanga. Nilipombana ndipo akasema: "Niliogopa kukuambia baba. Nadhani nimeliharibu. Siku ya pili tu liliandika E0, likaanza kulia pii pii."

Jamani, wiki sita mama amekaa na hatia ya kosa ambalo hakulifanya! Jiko lilikuwa zima. Alikuwa ameteleka sufuria yake ya siku zote, ile ya alumini.

Jiko hili halichomi sufuria kama mkaa unavyochoma. Chini ya kioo kuna koili ya shaba. Umeme ukipita humo unatengeneza uga wa sumaku unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde, na uga huo ndio unaoipasha joto sufuria yenyewe. Kwa hiyo sufuria lazima iwe ya chuma kinachovutwa na sumaku. Alumini, shaba na chungu cha udongo havifai, labda viwe vimewekewa kitako maalumu. Kipimo chake ni rahisi: chukua ile sumaku iliyobandikwa mlangoni mwa friji, ibandike chini ya sufuria. Iking'ang'ania, pika. Ikianguka, usilaumu jiko. Na kitako kiwe bapa na kisiwe kidogo mno. Chini ya sentimita 12 hivi majiko mengi hayakioni.

Tangu siku ile nimekuwa fundi wa simu kwa mashangazi na majirani, na malalamiko yanajirudia. Jiko linazima lenyewe katikati ya maharage? Mara nyingi limepata joto. Lina feni ndani inayovuta hewa kupitia matundu ya chini au nyuma. Ukiliweka juu ya kitambaa cha meza cha plastiki, au ukalibana ukutani, halipumui. Zima, liache lipoe, lisogeze, futa vumbi kwenye matundu. Na ukimaliza kupika usichomoe plagi hapo hapo. Feni inaendelea kuzunguka ili kulipoza.

Vitufe havisikii vidole? Angalia kama umemwaga maji au uji juu yake, pangusa pakavu. Kama bado, huenda kufuli ya watoto imewashwa. Bonyeza kitufe chenye alama ya kufuli kwa sekunde tatu hivi. Linavuma? Hiyo ni kawaida, hasa kwa sufuria yenye kitako cha matabaka. Ukiweka moto mdogo likawa linawaka na kukata, nayo ni kawaida kwa majiko mengi. Ndivyo linavyopunguza moto.

Linaonyesha herufi na namba nyingine? Kila kiwanda kina alfabeti yake. Kwa majiko mengi ya mezani E0 maana yake ni "sioni sufuria", lakini zinazofuata hutofautiana: moja ni joto, nyingine ni umeme mdogo au umeme mkubwa. Kama linagoma saa za jioni tu, kila mtu akiwa amewasha vitu vyake, jaribu asubuhi kabla hujaita fundi.

Hapa sasa tuache utani. Jiko la wati 2,000 kwenye umeme wetu wa volti 230 linavuta karibu ampea 9. Usilichomeke kwenye ekstensheni nyembamba pamoja na friji na televisheni. Plagi ikiwa ya moto, au soketi ikibadilika rangi, acha mara moja na umwite fundi umeme. Kioo kikipata ufa, hata mdogo, zima na chomoa, kwa sababu maji yanaweza kupenya hadi kwenye umeme. Wala usilifungue mwenyewe kutafuta mende: ndani kuna kapasita zinazobaki na umeme hata baada ya kuchomoa.

Mnaona? Katika yote hayo, yanayohitaji fundi ni machache. Mengine yalihitaji mtu mmoja tu wa kueleza kwa dakika kumi. Kwenye boksi la mama kulikuwa na kitabu cha Kiingereza na Kichina. Muuzaji alinipa risiti na tabasamu. Kuhusu sufuria hakusema neno.

Na mimi je? Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ile asilimia 80 nimeiandika mara nyingi sana gazetini. Sikumbuki hata mara moja kuandika neno "sufuria". Nimeripoti hotuba, nimeripoti waliokabidhiwa majiko wakipiga makofi. Sijawahi kurudi baada ya wiki sita kuuliza kama bado wanayapikia. Kwa mama yangu mwenyewe nilirudi kwa bahati tu.

Wengine watasema maelekezo yamejaa mtandaoni. Sawa, kwako wewe mwenye bando na Kiingereza cha chuo. Mpishi wa nyumba hiyo ni nani? Ni mama, ni shangazi, ni dada wa kazi. Likigoma, huyo ndiye atakayeambiwa kaharibu kitu cha watu. Atanyamaza, atarudi kwenye mkaa, na kwenye takwimu nyumba hiyo itahesabiwa kuwa ina jiko safi.

Ndiyo maana nasema kila jiko linaloingizwa nchini liwe na kitabu cha Kiswahili chenye maana ya kila alama ya hitilafu. Muuzaji awe na sumaku mezani, na amuulize mnunuzi anapikia sufuria gani. Na sisi watoto wa maana tuache kununua vitu vya kushtukiza: twende dukani na anayepika, naye abebe sufuria yake.

Mama sasa ana sufuria mbili za chuma, na kikaratasi nimekibandika ukutani kwa mwandiko wangu mbaya. Maharage bado anapikia mkaa, anasema ya umeme hayana ladha. Hapo sina hoja. Lakini juzi alinipigia mwenyewe: "Limeandika E0, nikakumbuka sijaweka sufuria." Akacheka sana.

Naomba kuwasilisha.