Kufuli la mwanga halitazuia 'ile hela tuma kwa namba hii'

MKULIMA wa Mamboya, wilayani Kilosa, anayemuuzia mahindi mnunuzi wa Dar es Salaam, siku hizi hana haja ya kusubiri noti zije na lori. Fedha huingia kwenye simu. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, simu imekuwa benki ya kijiji, na usalama wa mawasiliano umekuwa sehemu ya usalama wa mavuno.

Ndiyo maana habari za kulinda mitandao kwa sayansi ya kwantamu si za wakubwa wa mjini peke yao.

Mbinu hiyo ilibuniwa na Charles Bennett na Gilles Brassard mwaka 1984. Ufunguo wa siri husafirishwa kwa chembe moja moja za mwanga. Mwizi akizichungulia njiani, chembe hubadilika, wahusika wanagundua, na ufunguo huo unatupwa.

Afrika si mgeni wa jambo hili. Durban iliitumia katika uwanja wa Moses Mabhida wakati wa Kombe la Dunia 2010. Machi 2025 yalichapishwa matokeo ya wanasayansi wa China na Afrika Kusini waliogawana ufunguo kwa satelaiti, umbali wa kilomita 12,900.

Kwetu kikwazo cha kwanza ni umbali. Ndani ya mkongo, nusu ya chembe hupotea kila kilomita 15 hivi. Kwa mkongo wa kilomita 450, sawa na mwendo wa Dar es Salaam hadi Dodoma, chembe moja tu kati ya bilioni ndiyo hufika. Hivyo vinahitajika vituo vya kupokezana, na kila kituo ni gharama na mlango mwingine wa kulinda.

Cha pili, kutoka mnarani hadi kwenye simu ya mkulima mawasiliano hupita hewani. Kufuli la mwanga linaishia mnarani.

Cha tatu ndicho kikubwa. Tapeli wa simu hahitaji kuvunja mtandao. Anatuma 'ile hela tuma kwa namba hii', au anajifanya mhudumu na kuomba namba ya siri. Mwenye mali humfungulia mwenyewe.

Hata hivyo, hatari ya kesho ipo. Kompyuta za kwantamu zikikomaa zitaweza kuvunja kufuli za hesabu ambazo benki nyingi duniani hutegemea, na taarifa zilizoibwa leo zinaweza kuwekwa ghalani kusubiri siku hiyo. Dawa nafuu zaidi ni hesabu mpya, ambazo taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilizitolea viwango vitatu Agosti 2024. Hizo huwekwa kwa kubadili programu, bila kuchimba mitaro. Benki na kampuni zetu za simu ziulizwe zitahamia lini.

Wakati huo, mkulima ana kinga zake. Apige *106# kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Namba ya tapeli aipeleke TCRA kupitia 15040. Namba ya siri asimpe hata wakala. Na gunia lisipande lori kwa kuonyeshwa ujumbe tu. Kwanza aangalie salio.