Mtumishi Huyu Ana Bwana Mwingine

Wapo wanaoimba sifa za nyumba za kisasa za Marekani na Ulaya, ambamo mtu huketi kitini akatamka neno, taa ikawaka, mlango ukajifunga na muziki ukaanza kulia. Spika inayopokea amri hizo, wanasema, ni mtumishi asiyechoka, asiyedai mshahara wala likizo. Sifa hizo zimeimbwa tangu kampuni ya Amazon ilipotoa spika yake ya Echo mwaka 2014, na leo zinaimbwa kwa nguvu zaidi kwa kuwa mashine hizo zimefundishwa kuzungumza karibu kama binadamu. Lisiloimbwa ni kwamba mtumishi huyo hamtumikii aliyemnunua.

Na watazamwe wanunuzi wa Revolv. Hicho kilikuwa kisanduku cha dola 300 cha kuongozea taa, milango na vifaa vingine vya nyumbani, nacho kiliuzwa kwa ahadi ya huduma ya maisha. Mwaka 2014 Revolv ilinunuliwa na Nest, kampuni iliyokuwa chini ya Google. Mei 2016 Nest ikazima kompyuta zilizokuwa zikikiendesha kisanduku hicho kutoka mbali. Hakikuharibika wala hakikuibwa. Kiliuawa kwa amri ya ofisini, ndani ya nyumba ya mtu aliyekwisha kukilipia. Kumbe maisha yaliyoahidiwa hayakuwa ya mnunuzi!

Wako watakaosema kwamba hayo yalikuwa makosa ya utoto wa biashara. Sivyo hata kidogo. Aprili 2022 kampuni ya Insteon ilizima kompyuta zake bila hata ya kuwaaga wateja, na huduma ilifufuka tu baada ya wateja wachache kujikusanya na kuinunua. Oktoba 2025 Google iliikatia mawasiliano mitambo ya zamani ya Nest ya kurekebisha joto la nyumba. Mwenye nyumba aliyezoea kuiongoza kwa simu akarudi kuizungusha kwa mkono, na akapewa punguzo la bei ili anunue mpya.

Kuna na suala la masikio. Mwaka 2019 ilibainika kwamba Amazon, Google na Apple zilikuwa na watu waliolipwa kusikiliza sehemu ya maneno yaliyonaswa na vifaa vyao majumbani, na wenye nyumba wengi hawakuwa na habari. Mei 2023 Serikali ya Marekani iliishtaki Amazon kwa kuhifadhi sauti za watoto bila kikomo na kwa kutotimiza ipasavyo maombi ya wazazi waliotaka zifutwe. Kampuni ilikana kosa, lakini ikakubali kulipa dola milioni 25. Je, ilijirekebisha? Machi 28, 2025 iliondoa hata ile nafasi ndogo waliyokuwa nayo wenye baadhi ya Echo huko Marekani, ya kuzuia sauti zao zisipelekwe kwenye kompyuta za kampuni. Sababu iliyotolewa ni kwamba Alexa mpya inahitaji nguvu ya kompyuta hizo. Alexa hiyo, kwa asiye mwanachama wa huduma ya Prime ya kampuni hiyo hiyo, imewekewa kodi ya dola 19.99 kwa mwezi.

Hakuna anayekataa kwamba kipofu, au mzee asiyeweza kuinuka, hupata msaada wa kweli kwa kuwasha taa kwa neno. Lakini taa ya chumbani haihitaji kibali cha mtu aliye Seattle. Amri nyepesi za namna hiyo zinaweza kufanyiwa kazi ndani ya kifaa chenyewe, na ufundi huo upo. Ukiachwa, huachwa kwa sababu za kibiashara.

Kiswahili hakiko mbali na mambo haya. Tangu mwaka 2021 sauti za wasemaji wake zimekuwa zikikusanywa na mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambao huzitoa bure kwa yeyote, makampuni makubwa yakiwemo. Kazi hiyo ni njema, na watu waliojitolea kusoma sentensi wastahili heshima. Hata hivyo, siku mashine itakapouzwa Dodoma au Tanga ikizungumza Kiswahili fasaha, wasemaji hao hao ndio watakaotozwa kodi ya mwezi.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inayo Tume ya kuisimamia. Sheria hiyo haiishii kwenye mafaili. Inagusa pia usafirishaji wa taarifa kwenda nje ya nchi. Kwa hiyo afisa ugavi na mwalimu mkuu wana la kuuliza kabla kifaa kinachosikiliza hakijaingia ofisini au darasani kwa fedha ya umma: sauti za watoto zitakwenda wapi, nani atazifuta, na kifaa kitafanya kazi gani siku muuzaji atakapozima kompyuta zake. Majibu yaandikwe ndani ya mkataba. Muuzaji asiyekubali kuyaandika asipewe zabuni.