Foleni bandarini: Mashine mpya pekee si dawa

KWA miaka mingi foleni ya meli katika Bandari ya Dar es Salaam imekuwa ikielezwa kuwa ni matokeo ya uhaba wa mitambo. Ndiyo maana matumaini yalikuwa makubwa Oktoba 2023, Serikali ilipotiliana saini na kampuni ya DP World ya Dubai mkataba wa miaka 30 wa kuendesha sehemu ya bandari hiyo, na pia mwaka 2024, kampuni ya Adani ya India ilipopewa gati namba 8 hadi 11 kwa muda kama huo.

Hata hivyo, hisabati ya upangaji kazi inatoa tahadhari. Mwaka 1966, Ronald Graham wa Marekani alithibitisha kuwa pale kazi zinapotegemeana, na kila mashine inayopata nafasi ikapewa tu kazi inayofuata kwenye orodha, kuongeza mashine kunaweza hata kurefusha muda wa kumaliza kazi zote.

Mfano rahisi unatosha. Shehena mbili zinasubiri winchi moja na kituo kimoja cha ukaguzi. Ya kwanza inahitaji saa moja ya winchi na saa nne za ukaguzi. Ya pili saa nne za winchi na saa moja ya ukaguzi. Ikitangulia ya pili, kazi yote itachukua saa tisa. Ikitangulia ya kwanza, itakwisha kwa saa sita. Saa tatu zimeokolewa bila kununua hata msumari.

Tatizo ni kwamba uamuzi wa nani atangulie si wa hesabu tupu. Mwenye shehena aliyefika mapema na kuambiwa asubiri atataka kujua sababu. Pasipo kanuni iliyo wazi, mpango bora na upendeleo hufanana machoni pake, na hapo ndipo rushwa hupata mlango.

Kwa bandari inayotegemewa pia na Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, gharama za kila siku ya kusubiri huishia kwenye bei ya bidhaa. Hivyo basi, pamoja na kuhesabu winchi zilizonunuliwa, wahusika hawana budi kuweka hadharani utaratibu wa kuzitumia. Foleni isiyo na kanuni haiponywi na mtambo, hata uwe mpya kiasi gani.