Umebadilisha tairi na difu? Basi spidomita yako inakudanganya

Simama asubuhi moja pale Gongoni, kwenye njia panda ya kuingia Ngomeni, utazame malori ya chumvi na pikapu za samaki zikitoka. Tafuta gari ambalo bado lina saizi ya tairi lililotoka nayo kiwandani. Utangoja sana, nakwambia.

Silaumu mtu. Njia za ndani ya mashamba ya chumvi ni mchanga leo na tope kesho, na tairi kubwa hunyanyua gari likapita. Difu nayo ikifa, nani ana pesa za mpya? Unanunua iliyotumika, fundi anafungua, anafunga, gari linatembea, mnaagana. Krauni ina meno mangapi na pinioni mangapi, hakuna aliyeuliza.

Hapo ndipo nina neno nawe, hasa wewe kijana uliyepata leseni juzi na sasa unaendesha gari la tajiri.

Spidomita haioni barabara. Katika malori na pikapu nyingi, inachohesabu ni mizunguko ya shafti inayotoka kwenye giaboksi. Kiwandani waliiambia: shafti ikizunguka mara kadhaa, gari limesonga mita kadhaa. Hesabu hiyo ilifanywa kwa difu fulani na tairi fulani. Ukibadilisha kimoja, mshale wa dashibodi unaendelea kukusomea habari za gari ambalo halipo tena.

Hebu tupige hesabu ya lori moja la mfano. Difu ya zamani ilikuwa na krauni ya meno 39 na pinioni ya meno 8, yaani shafti inazunguka mara 4.875 ili gurudumu lizunguke mara moja. Iliyonunuliwa ni 41 kwa 10, yaani 4.1. Tajiri amefurahi, gari limekuwa jepesi barabarani. Sasa mshale ukisema 80, wewe uko 95. Kisha zikaja tairi kubwa: ya zamani ilisonga mita 2.50 kwa mzunguko, mpya inasonga 2.65. Mshale bado unasema 80. Wewe uko karibu 101, na tani za chumvi mgongoni.

Sheria ya Trafiki inalipa gari la biashara la uzito huo kilomita 80 kwa saa, na 50 mjini. Kwa hesabu ile ile, ukipita Mambrui ukijiona dereva mtiifu wa 50, unapita kwa 63. Na mwendo wa 101 si 80 iliyoongezwa kidogo. Nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza inapanda kwa mraba wa mwendo, kwa hivyo hapa ni karibu mara 1.6. Breki hazikubadilishwa, au sio?

"Lakini gari lina spidi gavana." Nalijua hilo jibu. Tangu kanuni za Michuki za 2003 tumefundishwa kwamba kile kidude kinatulinda. Ila gavana nyingi husoma sensa ile ile ya giaboksi. Ikiwa haikupimwa upya baada ya kazi ya difu, nayo imedanganywa: itakata mafuta ikidhani ni 80. Cheti kipo, stika ipo, na kila kitu ni sawa isipokuwa mwendo.

Kinachonikera zaidi ni nani anayelipa. Saizi ya tairi huchagui wewe, difu hununui wewe. Lakini trafiki akiwa na kamera ya mwendo, jina litakaloandikwa ni lako. Ukimgonga mtoto akivuka, hakuna atakayekuuliza meno ya krauni. Ndiyo maana nasema kurekebisha spidomita ni sehemu ya kazi ya kubadilisha difu, kama kujaza oili. Fundi asikabidhi gari bila hiyo, na tajiri ailipie. Tena ana faida yake mwenyewe: kwa gari letu la mfano, mita ikisema umetembea kilomita 10,000, umetembea 12,600. Oili yake inachelewa kubadilishwa kila mara, halafu anashangaa injini.

Usidhani pia kila badiliko linaharibu. Pikapu iliyotoka tairi 245/70R16 kwenda 265/75R16 imepata tairi kubwa kwa asilimia 7 hivi. Ikiwa pamoja na hilo difu imetoka 4.1 kwenda 4.3, viwili hivi vinavutana, na kosa linabaki kama asilimia 2. Hata zile za kiwandani huwekwa zisome juu kidogo. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya spidomita inakataza kabisa isome chini ya mwendo halisi. Kwa hivyo pima kwanza.

Kupima ni rahisi. Mpe mwenzako simu yenye GPS, ingia barabara kuu iliyonyooka, shikilia mshale kwenye 60 bila kuyumba kwa dakika moja, naye asome. Wewe usisome, tazama barabara. (Ngomeni kwetu si wageni wa setilaiti: ile ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, pale baharini, tarehe 12 Desemba 1970. Za GPS ni nyingine, lakini tuzitumie basi.)

Kurekebisha kunategemea gari. La zamani lenye kebo lina gia ndogo pale kebo inapoingia giaboksi. Mshale ukisoma chini, inatakiwa gia yenye meno machache zaidi. Ukisoma juu, mengi zaidi. Zidisha meno yaliyopo kwa mwendo wa mshale, gawa kwa mwendo wa simu, utapata idadi. Lenye sensa ya umeme hufungwa kiboksi kinachosahihisha hesabu kabla haijafika kwenye dashibodi, na mengi ya kisasa hurekebishwa kwa mashine ya kompyuta. Mengine husoma magurudumu moja kwa moja, na hapo difu haihusiki, ni tairi tu. Gavana ipimwe siku hiyo hiyo.

Na tajiri akikataa kutoa hiyo pesa? Pima mwenyewe kwa simu, andika kwenye karatasi "mshale 63 = 80 halisi", au namba zozote ulizopata, uibandike kwenye dashibodi pale ambapo hata yeye akipanda ataiona.